Nyanya Alikuwa Amevaa Gauni

Kisugu, Kampala

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu imepungua kuvimba, na ile dawa ya presha unaimeza kila asubuhi, si siku zile tu unazojisikia vibaya. Mvua zimefika huko Taita? Hapa inanyesha kila alasiri na njia ya kwetu imekuwa tope tupu. Mimi ni mzima wa mwili.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yenu husikilizwa na nyumba nzima, na habari hii nataka uipate wewe kwanza, peke yako. Ni habari ya Nyanya Mkawasi.

Unajua duka ninalofanyia kazi, la vinyago na picha. Mwenye duka, Madamu Nakato, alinunua picha ya zamani ya rangi za mafuta kutoka kwa familia ya wazungu waliohamia Entebbe wakitokea Kenya. Ilikuwa imefifia kwa moshi. Alisema ni kazi ya Mwingereza aliyezunguka Kenya enzi za ukoloni akichora watu, na kwamba tangu afe kazi zake zinatafutwa sana Ulaya. Picha yenyewe inaitwa "Msichana wa Kitaita". Niliposikia Taita nikaisogelea.

Mama, nilikuona wewe. Wewe kabisa, kama ulivyo kwenye picha ya harusi yako: paji lile, midomo ile iliyobanwa kama ya mtu anayezuia neno. Na juu ya jicho la kushoto kovu la Nyanya, lile la kuangukia jiwe la kusagia. Lakini chini ya shingo alikuwa uchi mpaka kiunoni.

Mambo yenyewe unayajua, lakini niache niyaseme. Nyanya alikuwa akifua nguo nyumbani kwa meneja wa shamba la mkonge. Mchoraji akaja kumtembelea meneja, akamwomba Nyanya akae kitini karibu na dirisha amchore. Nyanya akakaa, amevaa gauni lake la kanisani lenye kola nyeupe, kwa kuwa alitaka aonekane mtu wa heshima. Baadaye mpishi wa klabu ya wazungu akaleta kijijini habari kwamba mke wa Babu ametundikwa ukutani matiti wazi. Babu hakutaka maelezo. Alimrudisha kwao na wewe ukiwa tumboni. Mpaka anakufa Nyanya alisema, "Mimi nilivaa gauni," na hakuna aliyemwamini. Hata wewe hukumwamini, na sikulaumu, kwa vile ulivyochekwa shuleni kwa ajili yake. Mimi mwenyewe, niliposimama mbele ya ile picha, nilisema moyoni: kumbe walisema kweli.

Picha akapewa Baba Neema aisafishe. Huyu ni Mkongomani wa Bukavu anayekaa Nateete, huchora mabango ya saluni na kutengeneza picha zilizochakaa. Alikuwa chumba cha nyuma akifuta taratibu kwa pamba na dawa yake, mara akaniita. Pamba ilikuwa imeshika rangi ya kahawia. Ngozi ya bega ilikuwa inatoka, na chini yake kuna kitambaa cha samawati, kifungo, halafu ukingo wa kola nyeupe. Alinieleza kwamba rangi ya juu ilipakwa baadaye, ile ya chini ikiwa imeshakauka. Kisha akasema polepole, "Huyu mama alikuwa amevaa. Muzungu alimuvula nguo na burashi."

Nilikaa sakafuni. Nilipomwambia ni nani yule, alivua kofia, akaendelea kufuta mpaka gauni lote likatokea. Mama, laiti ungemwona. Alikuwa kama mke wa mchungaji aliyekuja kutoa ushuhuda. Kupiga picha sikuweza, kwa sababu wakati wa kazi simu zetu hufungiwa kwenye saraka ya meza ya Madamu.

Madamu alipoiona alikasirika. Mteja wa Uingereza alikuwa ameshaichagua kwa kuiona kwenye simu jinsi ilivyokuwa mwanzo. Nikamweleza kwamba yule ni nyanya yangu, jina lake Mkawasi, na kwamba aliachwa na mume kwa sababu ya picha ile. "Pole sana, nyabo," akasema, yaani bibi kwa Kiganda, na alisema kwa upole. "Lakini mteja anataka ile aliona. Baba Neema, rudisha vile ilikuwa." Nikamwomba basi angalau jina la Nyanya liandikwe chini yake. Akajibu kwamba mteja ananunua jina la mchoraji.

Baba Neema alikataa siku ile. Kesho yake akapaka rangi juu ya gauni. Ana watoto shuleni, na mkimbizi hana kazi ya kuchezea. Hakuniangalia usoni, na sina kinyongo naye. Kinyongo changu ni kwa yule Mwingereza. Nyanya alituambia hakumgusa hata mkono, nami naamini. Alimtazama vizuri, akachora gauni lake kifungo kwa kifungo, akaenda zake, kisha akaona mwanamke mwenye gauni hatoshi. Babu alipotupa sanduku la Nyanya nje, yeye alikuwa kwa wazungu wenzake akipongezwa.

Nilikataa kuifunga ile picha kwa safari, akaifunga mwenzangu. Imekwenda. Bado niko hapo dukani, maana sina pengine pa kwenda, lakini kazi imenitoka moyoni.

Nisalimie dada Mghoi na shemeji, na mama mchungaji aliyemwosha Nyanya alipofariki. Nisalimie pia Babu Mwakio, mdogo wake marehemu Babu, aliyekataza Nyanya asizikwe kwenye shamba la mumewe. Msomee barua hii yote, usiruke kitu. Akisema mjukuu naye ni mwongo, usibishane naye. Ninayetaka aniamini ni wewe, Mama, nami najua ninakuomba jambo zito, kwa kuwa sina cha kukuonyesha ila neno langu.

Ni mimi binti yako, niliye mbali nawe,
Wakesho