Nyanya kwa Miguu, Sisi kwa Mashua

Jumapili, Septemba. Fittja.

Mvua inanyesha tangu asubuhi na haina haraka ya kwenda popote. Kama ingenyesha jana, safari ingeahirishwa na leo nisingekuwa na la kuandika. Nimejikuta naikasirikia mvua kwa kuchelewa siku moja.

Nyanya amejinyoosha kwenye kochi sebuleni, mguu wa kulia juu ya mito miwili, na mfuko wa njegere kutoka kwenye friza umewekwa juu ya goti. Keshokutwa anapanda ndege kurudi kwao Kindu.

Goti hilo limevimba kwa sababu yangu.

Kila mtu atakayesoma hapa ataniambia si kosa langu. Ndiyo maana nataka kueleza yote, hata yale ambayo Mama hayajui.

Nyanya ni mama yake Mama. Alikuja mwezi wa sita kututembelea, mara yake ya kwanza kuja Sweden. Asubuhi ya kwanza alisimama dirishani, akatazama ziwa lililo chini ya majengo yetu, akauliza, "Maji yote haya, na hakuna mtu anavuka?" Mama alicheka sana. Mimi nilitaka kujua kwa nini ameuliza, nikakaa naye. Ndipo akanisimulia kwamba kwao mto unaukata mji katikati, upande mmoja na upande mwingine, na baba yake alikuwa mvushaji. Alivusha watu kwa mtumbwi. Penye kina alipiga kasia, karibu na ukingo alisukuma kwa upondo, ule mti mrefu unaofika chini kabisa. Nyanya akiwa mtoto alikaa ndani ya mtumbwi huo siku nzima, kazi yake kukomba maji kwa kopo.

Tangu alipoolewa hajaupanda tena. "Sasa wanavuka na injini," alisema. "Inapiga kelele, hausikie maji."

Mwezi wa nane nikaona tangazo kwenye ubao wa maktaba. Lilikuwa na picha ya mashua bapa kwenye mfereji wa Djurgården, kijana amesimama nyuma ameshika mti mrefu. Safari pamoja na mwongozaji, maelezo kwa Kiswidi, hadi wikendi ya kwanza ya Septemba. Mimi si hodari wa zawadi. Kila Krismasi nawapa watu vitabu ambavyo mimi ndiye ninayetaka kuvisoma. Lakini mbele ya ule ubao sikuwa na shaka hata kidogo: hii ni ya Nyanya.

Nilipanga kila kitu mwenyewe. Kwenye tovuti unaweza kuweka nafasi za watu wanane, na chini yake wameandika kwamba mkiwa zaidi, mpige simu. Nikaweka wanane: Nyanya, Mama, Papa, mimi, shangazi yangu kutoka Jordbro, Mama Brian ambaye ni Mkenya tunayesali naye, na mchungaji pamoja na mkewe.

Halafu nikaanza kuandika maelezo. Nyanya hajui Kiswidi, kwa hiyo nilijiteua kuwa mkalimani. Lakini mkalimani husubiri mtu mwingine aseme kwanza, na mimi sikutaka kusubiri. Nilisoma vitabu viwili kuhusu mfereji ule: nani aliuchimba, mfalme aliwinda wapi, miti ile ina umri gani. Nikaandika kurasa na kurasa za Kiswahili. Nikafanya mazoezi bafuni, mlango nimeufunga, maji nimeyafungulia.

Shuleni kila muhula mwalimu ananiandikia sentensi ileile, kwamba Faida anajua mengi lakini hasikiki. Nilifikiri: mashuani watanisikia. Watakuwa wamekaa, hawana pa kwenda.

Kwa hiyo, shajara, tangu mwanzo safari ile ilikuwa na wenyewe wawili. Nilijifanya sijui.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, watu wakiwa na vikombe vya chai mkononi, Mama alisimama akatangaza kwamba Jumamosi tunamuaga mama yake kwa mashua. Kisha akamaliza na neno ambalo sisi hatuwezi kutangaza chochote bila kulisema: "Karibuni."

Nilisikia lile "karibuni" nikaanza kuhesabu vichwa. Nilijua kwamba ningepaswa kuwapigia simu wenye mashua. Sijawahi kumpigia simu mtu nisiyemjua. Hata kwa daktari wa meno anapiga Mama, na Kiswidi chake kinachechemea kuliko changu. Nikajiambia watu wanasema watakuja, hawaji.

Walikuja.

Jana jua lilikuwa kali na maji yametulia kabisa. Tulifika gatini mapema, Papa amebeba sufuria ya sombe, yaani kisamvu, iliyofungwa kwa kitenge, ya kula baadaye kwenye majani. Mama Brian akatokea na dada yake aliyefika majuzi kutoka Nakuru, amevaa koti zito kama la Januari. Shangazi naye akaja na mume wake, ambaye alikuwa amesema yuko kazini.

"Aki Faida," Mama Brian alisema akiitazama mashua, "hii ni mashua ama ni sinia ya chai?"

Watu kumi, nafasi nane. Mwongozaji alikuwa kijana mwembamba mwenye kofia ya majani. Alihesabu majaketi ya kuelea, akatuhesabu sisi, akanigeukia kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na karatasi. Alisema kwa upole kwamba wanane ni wanane, hana la kufanya.

Nilitafsiri.

Papa ndiye aliyejitoa kwanza. "Miye nabaki na sufuria," alisema. "Sufuria haijue kuogelea." Watu wakacheka. Alibaki mmoja wa kutoka. Dada yake Mama Brian akaanza kufungua jaketi, Mama akamzuia: wewe umetoka mbali. Mume wa shangazi akasema atoke yeye, shangazi akamwambia akae, ameomba ruhusa kazini kwa ajili ya hili. Mchungaji alipoinuka, watu wote wakasema kwa sauti moja, "Mchungaji, kaa!" Kila mtu alikuwa tayari kutoka na kila mtu alizuiwa.

Kisha tukamwona Nyanya amekaa kwenye benchi la gati, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri basi.

"Mupande, mupande," alisema. "Wageni kwanza. Miye niko mwenyeji."

Mama akaenda kumvuta mkono. "Mama, hapana. Safari hii ni yako."

"Kama ni yangu, basi hawa ni wageni wangu. Mwenyeji anakula nyuma ya wageni. Tangu lini nilikufundisha vingine?"

Mama akauachia mkono. Hakuna binti wa kwetu angebisha hapo.

Mwongozaji hakuelewa neno, lakini alielewa kwamba kuna jambo. Aliinama karibu nami akaniuliza kwa Kiswidi, taratibu, "Safari hii ni ya nani hasa?"

Naandika swali lake jinsi lilivyokuwa kwa sababu nimelisikia tena na tena tangu jana. Lilikuwa rahisi. Hakuna mwingine aliyeulizwa. Kama ningejibu kweli, angemwendea Nyanya, angempa mkono, na yeyote ambaye angebaki gatini angecheka na kula sombe na Papa. Lakini ningelazimika kusema mbele ya mchungaji na wote kwamba mmoja wao ashuke, nao wangenitazama.

Nikasema, "Ni yetu sote."

Akaitikia kwa kichwa, akashika upondo, tukaondoka.

Sijamaliza. Kuna kitu kibaya zaidi.

Mimi pia nilikuwa na siti. Siti yangu ilikuwa mbele kabisa, ile bora. Mama alisema, "Faida lazima awe ndani, ndiye mkalimani," na mimi nikashukuru moyoni. Miongoni mwa watu waliokuwa mashuani, asiyejua Kiswidi alikuwa dada yake Mama Brian peke yake, naye alizungumza Kiingereza na mwongozaji bila shida. Mtu niliyekwenda kumtafsiria alikuwa amebaki nchi kavu. Sikuhitajika. Nilikaa kwa sababu ya zile karatasi.

Mfereji ule ni mwembamba, na njia ya kutembea inaufuata. Hatukuwa tumefika mbali Shangazi akasema, "Mtazameni mama!" Nyanya alikuwa anakuja ukingoni, mkoba kwapani, ameinua kitenge kidogo kwa mkono mmoja, anakwenda sambamba na mashua. Upondo hauna haraka. Bibi mwenye magoti mabaya anaweza kwenda nao.

"Nyanya, unatushinda!" Mama Brian alipiga kelele. "Hiyo gari yako inatumia mafuta gani?"

"Ya mawese!" Nyanya akajibu.

Tulicheka mpaka mashua ikayumba. Mimi pia nilicheka. Ukingo ulikuwa karibu kiasi kwamba mwongozaji angeweza kusogea kwa msukumo mmoja, mimi nikaruka, yeye akapanda. Nililiona hilo wazi kabisa, kama unavyoona jibu la mtihani dakika ambayo bado unaweza kuliandika. Nikageuza ukurasa na kuanza kusoma kuhusu mfalme na uwindaji wake.

Mama Brian alikuwa anapiga picha. Mchungaji alifumba macho. Mama hakuutazama mfereji hata mara moja, alitazama ukingo tu. Mbele njia ikajipinda nyuma ya miti na Nyanya akapotea.

Tuliporudi tulimpita tena. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, kiatu kimoja amekivua, anajikanda goti. Alitupungia mkono. Nikainua karatasi yangu kidogo, kama salamu, nikaendelea kusoma.

Hivyo ndivyo nilivyofanya. Niliendelea kusoma.

Leo kanisani watu walinisifu. "Faida, umetupatia raha!" Mke wa mchungaji alinishika mashavu yote mawili. Dada yake Mama Brian alisema hajawahi kuona msichana aliyejipanga namna ile. Kila sifa iliniingia kama mwiba wa samaki, nikatabasamu na kumeza. Nyanya hakuwepo. Ameshindwa kushuka ngazi.

Tuliporudi nilikaa chini kando ya kochi. Nilimwambia kesho baada ya shule nitampeleka kwenye kivuko cha kawaida, kile ambacho unapanda kwa kadi ya treni. Akalitazama goti, akanitazama mimi, na wote wawili tukajua kwamba goti halitakubali. Mguu huo una safari moja tu iliyobaki, nayo ni ya uwanja wa ndege.

"Leta zile karatasi," akasema. "Nisomee."

Nikasoma zote. Alisikiliza vizuri, mikono tumboni. Nilipomaliza akauliza:

"Yule kijana, upondo wake ukitoka ndani ya maji, kwenye ncha iko tope ao mchanga?"

Sikuelewa. Akanieleza kwamba baba yake kila aliposukuma aliitazama ncha ya upondo. Kukiwa na mchanga, unasukuma kwa nguvu. Kukiwa na tope, unasukuma polepole na kuuzungusha kabla ya kuuvuta, la sivyo tope litaushika, mtumbwi uende na wewe ubaki umening'inia kwenye mti kama nguo. Watu wa ng'ambo walikuwa wanangoja wavushaji wageni wabaki hivyo, wapate kucheka. Yeye mwenyewe alicheka akisimulia, mkono juu ya goti.

"Jana nilikuwa natembea nione ile ncha," akasema. "Jua ilikuwa juu ya maji, macho yangu haikufika. Weye ulikuwa karibu. Ilikuwa nini?"

Mimi nilidhani anatembea ili awe pamoja nasi. Kumbe alikuwa anatazama kitu.

"Sijui, Nyanya. Sikuangalia."

"Haukuangalia?"

"Nilikuwa nasoma."

Hakunikemea. Alisema tu, "Basi," akaniomba chai yenye tangawizi nyingi. Nilikaa jikoni mpaka maji yakachemka, yakakauka nusu, nikajaza mengine.

Ninaweza kukuambia mfereji ule ulichimbwa kwa sababu gani. Kuhusu chini yake sijui chochote, na nilikuwa juu yake kwa saa nzima.

Sasa anakoroma taratibu. Njegere zimeyeyuka, nimezirudisha kwenye friza na kuweka za pili. Tangazo la mashua liko mbele yangu, nina namba. Nimeandika ujumbe mara tatu na kuufuta. Ujumbe ni njia yangu ya kujificha, naijua.

Kesho wakati wa mapumziko, shuleni, nitapiga simu. Nitamuuliza yule mwongozaji kama ni tope au mchanga. Atadhani nimechanganyikiwa, na aache adhani. Na kabla ya kumuuliza nitamjibu swali lake la jana, kwa kuwa nilimjibu vibaya. Nimeshajaribu bafuni, safari hii bila kufungulia maji, ili nisikie kama sauti inatoka.

Jina langu ni Faida. Safari ile ilikuwa ya nyanya yangu.