Kijiti Chako Kimeota Majani

Muzee,

Kile kijiti ulichosimika nyuma ya parseli yako, kile kiwanja cha Mudzipela, kimeota majani. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo lililotusumbua sisi wote majuma haya mawili, na kwa sababu najua ungecheka. Ulikikata kwenye uzio wa jirani, ule wa miti ya maua mekundu, ukakisukuma ardhini kuweka alama ya shimo litakalomeza maji ya choo, ukasema, "Puits perdu itakuwa hapa." Ukafa kiangazi hakijaisha. Mvua zikanyesha, kikachipuka. Sasa kina matawi matatu, na mbuzi wa jirani anakitamani.

Mimi ndiye ninayeongoza kazi siku hizi. Mafundi wako wamebaki nami, na wananiita chef, tena bila kucheka. Mwanzoni walikuwa wanacheka. Nivo yako ya kupimia usawa ninayo, mwiko wako ninao, na juma lililopita nilimrudisha mtu na saruji yake iliyoganda kwenye mfuko, nikamwambia kwa sauti yako kabisa kwamba sijengi kwa mawe ya dukani. Alikwenda, akarudi na nyingine. Ningependa ungeniona.

Lakini nakuandikia kuhusu nyumba ya Mama, mke wako. Umejengea nusu ya Bunia, yeye akipanga nyumba za watu. Yaya Dieudo, mtoto wako wa kwanza na kaka kwetu sote, ameshuka kutoka Kilo, ameacha mashimo yake ya dhahabu, amesema hapandi tena mpaka nyumba ya mama yake ipate mabati. Alifika na kamba na vigingi, akaanzia moja kwa moja kwenye kijiti chako. Kwake kijiti kile ni neno la baba. Na majani yale! Akina mama wa kanisa walikuja kuyatazama, wakasema, "Papa iko anatubariki." Mama akawa anapita kila asubuhi kukisalimia. Nani angethubutu kuja na jembe pale?

Muzee, nilikuwepo siku ile. Hilo ndilo ambalo sijamwambia mtu tangu tukuzike.

Wewe ndiye uliyenifundisha kupima ardhi kabla ya kujenga. Mashimo matatu, si moja. Kila shimo limeze mkono mpaka kiwiko. Kuta zake zikwaruzwe kwa msumari, maana jembe linapaka udongo wa mfinyanzi na kuziba njia za maji kama lipu. Kokoto kidogo chini. Halafu maji, mengi, siku nzima, na kesho yake maji tena, na hapo ndipo unapochukua fimbo yenye alama na kuanza kuhesabu dakika. Mimi nilipoona bidoni ya kwanza, dumu zima, imemezwa na kushangilia, ulikuwa unasema neno moja tu: "Tia tena mayi." Kiangazi udongo umepasuka, una kiu, unakunywa chochote unachoupa. Ukishiba ndipo unaonyesha tabia yake.

Tena tulishaona matokeo, mimi na wewe. Unakumbuka ile nyumba ambayo fundi mwingine alimimina ndoo moja mwezi wa kwanza, kiangazi, akasema ardhi inameza vizuri? Mvua zilipokolea, maji ya choo yalirudi uani mbele ya wageni wa harusi. Siku nne tulichimbua uchafu ule. Ulinifundisha kupumua kwa mdomo na bado ukawa unatania kwamba bibi harusi ametoroka kwa sababu ya fundi.

Na siku ile, kwenye parseli yako mwenyewe, ulikaa juu ya bidoni ya njano kwa sababu miguu haikukubeba. Mimi nilichimba shimo moja, fupi. Hukuingiza mkono. Hukuomba msumari. Nilimimina, maji yakapotea kabla hujamaliza kukohoa. "Iko muzuri," ukasema. "Lete kijiti."

Nilikuwa na maneno yako mdomoni. Tia tena mayi. Sikuyasema. Niliona jinsi ulivyochoka, nikataka urudi nyumbani ukiwa umemaliza kitu. Nilikupenda vibaya siku ile, Muzee, na chini ya parseli yako, hatua chache tu mteremkoni, kuna chemchemi ambapo mtaa mzima unachota maji ya kunywa.

Kwa hiyo nilimwambia Yaya Dieudo tupime kwanza. Akanitazama kama nimemtukana marehemu. "Papa alishaka kupima. Weye unapima nini tena?" Sikumjibu kwa hasira, ingawa unajua hasira yangu. Nilimwambia nitapima kama ulivyonifundisha, na yeye ndiye atakayeshika simu ya kuhesabia dakika na kusoma fimbo, ili asije akasema mimi, Furaha, nimepindisha hesabu.

Nilichimba matatu. Moja kando ya kijiti, bila kugusa mizizi. Moja katikati. Moja upande wa kushoto, mbali na chemchemi, pale ambapo udongo ni mwekundu na una changarawe. Nikakwaruza, nikatia kokoto, nikajaza, nikaenda nyumbani na matope mpaka kiwikoni.

Kesho yake shimo la kushoto lilikuwa kavu. Tukalijaza tena, na kwa nusu saa maji yakashuka vidole vinne. La katikati lilishuka kidogo. La kwenye kijiti, Muzee, maji ya jana yalikuwa bado yamekaa, na mdudu anaogelea humo kama mwenye nyumba. Tukaongeza, tukangoja nusu saa ileile. Hayakushuka hata unene wa ukucha.

Yaya Dieudo alizima simu. Akapiga magoti, akachota udongo chini ya shimo, akauviringisha kati ya viganja mpaka ukawa mwembamba kama kamba, haukukatika. Mashimo anayajua, hilo simnyimi. "Hii inashikaka mayi," alisema polepole. "Ata kwetu ku Kilo tunaiogopaka." Akaenda mwenyewe kukunja kamba zake.

Ilibaki Mama. Yaya alitaka tumwambie kwamba fundi wa mji amekataza, au kwamba sheria zimebadilika. Nikakataa. Nilimwambia Mama yote, nikiwa nimekaa chini mbele yake: kwamba majani yale yameota kwa sababu maji hayaondoki pale, kwamba ulipima siku moja tu, kwamba nilikuwepo na nikanyamaza. Nilingoja anifukuze. Nilikuwa tayari kufukuzwa, lakini si kujenga pale.

Alikunja kitenge chake magotini. Kisha akasema, "Ile siku alirudiaka na viwiko safi. Nikajua hakupima."

Muzee, miaka yote ile alikuwa anakutilia maji ya kunawa, tena mpaka kiwikoni. Siku ile ulikunywa chai, ukalala, na beseni likabaki limejaa. Alijua tangu siku ile, naye akanyamaza kwa sababu ileile iliyoninyamazisha mimi. Tulilia wote wawili, halafu tukaanza kucheka, maana mbuzi alikuwa ameshafika kwenye kijiti na Yaya Dieudo alikuwa anamkimbiza kwa kiatu kimoja.

Basi tumegeuza nyumba. Puits perdu imechimbwa kushoto, ninaijaza mawe mwenyewe, sijamwachia mtu. Jiko limehamia upande huo. Mama alitamani kupika akitazama barabara na pikipiki zinazopita, na hilo amelikosa. Nilimwomba radhi. Akauliza dirisha litatazama wapi. Nikamwambia nyuma, kwenye mti wa Papa. Akasema hapo sawa.

Mti hatuugusi. Umezungushiwa miti na Yaya Dieudo, kwa ajili ya mbuzi. Ulikosea mahali pa choo, lakini mti umeupanda panapoufaa kabisa.

Sikukasirikii, na nimeacha kujikasirikia. Ulikuwa fundi mkubwa, na ulikuwa umechoka. Yote mawili ni kweli, na mimi naweza kuyabeba. Kesho tunamwaga msingi. Pumzika, Muzee wangu. Kila parseli nitakayopewa nitairudia siku ya pili, hata kama anayeniambia inatosha ni mtu ninayempenda kama wewe.

Na kwa kuwa nami nitachoka siku moja, nimeshawaambia mafundi wako: wakiona natoka shimoni na viwiko safi, wasiniulize, wasinionee haya. Watie tena maji.

Mimi wako,
Furaha