Chupa Mia Nne za Ukungu

Ghorofa ya Pili, Mlango wa Sita,
S.L.P. 218.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hali yako huko ikoje, na shemeji na watoto wanaendeleaje? Goti limetulia, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Mimi mwili ni mzima. Nalala, naamka, naenda kazini.

Niwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Uliuliza habari za mume wangu. Alihama mwezi wa tatu. Alichukua nguo zake, redio na ule mto wake mgumu, akasema atanipigia. Sikulia. Nilifagia pale kabati lake lilipokuwa, nikachemsha chai. Watu wakinipa pole naitikia tu, kama mtu anayeitikia hodi ya jirani.

Kazini bado tunazalisha maua ya ndani, kazi ambayo ulinicheka ukasema nalea watoto wa chupa. Unakata kipande cha mmea, kidogo kama punje ya mchele, unakipandikiza kwenye jeli yenye lishe, unafunga, unasubiri. Kila aina ina tabia yake. Kangaga halina shida, wiki sita chupa imejaa. Orkidi ni mvivu, unaweza kuota mvi ukimsubiri. Mwenye maringo ni anthuri ya majani yenye mistari myeupe. Nyingine hutoka chupani kijani kitupu, mistari imeishia humo humo.

Anthuri hiyo ndiyo iliyonitia matatani. Chupa za jeli lazima zikae kwenye sufuria ya mvuke dakika ishirini kamili ili vijidudu vife. Siku ile nilisimama pale naangalia saa bila kuiona, nikaizima sufuria mapema. Nilijua, Dada. Niliona uvivu kuanza upya.

Siku ya sita baada ya kuhamishia anthuri humo, chupa mia nne zilikuwa zimeota ukungu, mweupe kama pamba. Kazi ya miaka miwili, na mmea mama ulishakufa zamani.

Msimamizi akasema chupa hazikuoshwa vizuri. Muoshaji ni Mama Pacha, yule ninayekusimuliaga, anayeimba kushinda bomba la maji. Akaambiwa akae nyumbani. Alivua aproni, akaikunja, akanitazama.

"Mwenzangu, wewe unajua ninavyoosha."

"Najua," nikasema.

Nikanyamaza siku nane. Ningependa kukwambia kwamba dhamiri ilinitafuna, lakini nitakuwa nakudanganya. Nilikuwa kama fizi iliyopigwa ganzi: unajua kuna kinachofanyika, ila huhisi kitu. Siku ya tisa niliwakuta binti za Mama Pacha dukani na sare zao za shule, wanamweleza muuzaji kwamba mama yao anaumwa, ndiyo maana haendi kazini. Walilisema hilo vizuri, kwa kupokezana, kama walivyofundishwa.

Nikaenda moja kwa moja kwa msimamizi, mkate bado mkononi. Nikamwambia, "Ni mimi. Nilizima sufuria mapema." Akauliza kwa nini. Nikasema sijui.

Mama Pacha amerudi, na amepewa kiti changu cha kupandikiza. Mkono wake umetulia kuliko wangu. Sasa muoshaji ni mimi, na sina kinyongo. Wiki mbili alinipita bila hata salamu.

Juzi Ijumaa, wakati wa mapumziko, alikuja akaketi upande wa pili wa benchi, akafungua bakuli lake.

"Umekula?" Hakuniangalia.

"Bado."

Akalisukuma bakuli katikati. "Sijakusamehe," akasema. "Kula."

Nikala. Dada, nilikuwa na njaa, njaa ya miezi, na sikuwa na habari nayo. Nilikula huku machozi yananidondokea mikononi, naye akaendelea kutafuna, macho ukutani.

Nisalimie shemeji, na yule Kengele wako, umwambie mama mdogo amemkumbuka na makelele yake. Mjomba Fundi naye asiache dawa zake. Mungu awafunike nyote, mchana na usiku.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninapokuwa kimya,

Kitinda.