Hewa ya Ghorofa ya Tatu

Jumamosi, 12 Julai 2025

Tumehama! Kutoka chini kabisa hadi ghorofa ya saba, ploti ile ile, jengo lile lile hapa Mowlem, Nairobi. Wazo langu. Chini wauza chapati wameweka majiko ya makaa mlangoni petu, na kifua cha mume wangu, Baba Everline, kimekwisha — miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha rangi kule Industrial Area. Nikamwambia twende juu, juu hewa ni safi. Mimi mwalimu, nani atanibishia? Alipumzika mara tisa kwenye ngazi. Chumba chetu cha chini kimeshachukuliwa, hata kabla hatujamaliza kubeba vyombo.

Jumanne, 15 Julai

Asubuhi nimefungua dirisha nikadhani ni ukungu. Wapi! Moshi. Ule wa jaa la taka la hapa jirani, unanuka plastiki. Umelala palepale dirishani. Nimeziba nyufa kwa leso, bado unaingia. Amekohoa mpaka akashindwa kushika kikombe. Nimechelewa shuleni, nikasingizia jam ya magari.

Alhamisi, 17 Julai

Leo gredi ya nane, matabaka ya angahewa. Nimechora ubaoni kama kila mwaka: troposfia, stratosfia, mesosfia, themosfia, eksosfia. Nikasema katika troposfia, tabaka letu hili, kadiri unavyopanda ndivyo baridi inavyozidi. Kate, yule wa dawati la mbele, akainua mkono: mbona asubuhi moshi wa kwao unapanda kidogo tu, halafu unatandaa kama umegonga dari? Nikamwambia tutafika huko.

Tutafika wapi! Wakati wa lanchi nimefungua kitabu cha mwalimu. Mistari mitatu, ile ninayoiruka kila mwaka kwa sababu haitoki kwenye mtihani. Msimu wa baridi ardhi hupoa usiku, hewa yenye joto inakaa juu ya ile baridi. Moshi ukipanda unakwama hapo, mpaka jua lipate nguvu. Kifuniko. Nimemtoa mume wangu chini nikaenda kumweka kwenye kifuniko! Mjinga mimi. Nimelia chooni, maana staffroom ilikuwa na watu.

Jumapili, 20 Julai

Hatukufika kanisani. Tukishuka, alisimama ghorofa ya tatu, akashika reli, akavuta pumzi — ndefu! Sijaisikia pumzi kama hiyo tangu Krismasi. Akasema hapa, Mama Everline. Hapa kuna hewa. Kweli, moshi wa jaa uko juu yetu, wa makaa uko chini yetu. Millicent, anayeishi mlango wa pili hapo, alitoa stuli ya plastiki, akamletea na chai. Tuliomba hapo hapo ngazini.

Jumanne, 22 Julai

Sasa kila alfajiri namshusha. Jua likiwaka anapanda mwenyewe. Leo imemchukua saa nzima. Na juzi kliniki walimkataza ngazi! Nimemuuliza Gitonga, anayesimamia ploti, kama kuna chumba ghorofa ya tatu. Akacheka. Mwalimu, hiyo floor hakuna mtu huhama.

Nimemwomba Millicent tubadilishane, yeye apate cha juu, ni kikubwa zaidi. Alimgusa tu mtoto wake mgongoni, penye mapafu. Sikurudia tena.

Ijumaa, 25 Julai

Naandikia gotini, ngazini. Gitonga amechukua stuli. Mwenye nyumba amesema ngazi si mahali pa kukaa, wapangaji wanalalamika. Nimemfokea! Akasema, Mwalimu, mimi nimetumwa tu. Na ni kweli ametumwa tu. Nitamfanya nini?

Baba Everline ameketi kwenye saruji. Watu wanashuka kwenda kazini, samahani mzee, samahani mzee, naye anakunja magoti wapite, na kila akikunja pumzi inamkata. Kupanda hawezi. Kushuka, ni kwenda kwenye majiko. Saa moja na nusu sasa. Saa mbili nina gredi ya nane, tunarudia somo lile lile kabla ya mtihani. Wiki hii nimechelewa mara mbili, na jana mwalimu mkuu aliniita ofisini. Mara ya tatu anaandika barua ya onyo.

Nimemwambia leo siendi. Akasema hapana, nenda, watoto wanakungoja. Nenda, amesema tena.

Mkono wake umeshika koti langu.