Baiskeli Iliyoibwa Runyenjes na Yule Mama wa Voi

Alhamisi jioni. Manyunyu tangu asubuhi, na ukungu umekalia majani chai kama mgeni asiyejua kuaga. Niko jikoni karibu na moto. Nyumba imenyamaza.

Baraka ameenda leo.

Nyinyi mnaosoma hapa hamumjui, kwa hivyo wacha nieleze. Hii blogu alinifungulia binti yangu Wanja. Alisema, "Mama, andika, badala ya kuongea na kuku." Wanja ni mhasibu. Nimetaja tu.

Jumatatu nilikuwa sokoni Runyenjes nikiuza nduma, yale magimbi yetu. Akaja kijana mwenye kofia ngumu na suruali ya kubana mpaka wamama wakageuza macho. Alikuwa anauzunguka Mlima Kenya kwa baiskeli, peke yake. Ametoka Nanyuki, akalala Kiirua, akapita Meru, akateremka Chuka, na sasa amefika kwetu. Aliegemeza baiskeli kwa ukuta wa duka la mbolea, akaja kununua ndizi kwa jirani yangu. Kugeuka na ndizi mdomoni, baiskeli haipo.

Na nguo zake zote zilikuwa zimefungwa juu yake.

Vijana wa boda boda walitoka mbio, wengine upande wa Embu, wengine mpaka daraja la Thuci. Wakarudi mikono mitupu. Mmoja akasema, "Huyo mwizi naye ni mjinga. Baiskeli ya kuinama hivyo, gunia halikai, mke hakai, ataifanyia nini?" Soko likacheka. Baraka pia alicheka. Lakini mimi nimelea. Nilikiona kidevu chake kikitaka kulia.

Nikamwambia, "Kijana, ukitoka polisi unakuja kwangu. Kitanda kipo."

Kitanda ni cha Mugendi, kifungua mimba wangu. Mugendi ni injinia Nairobi. Kama umewahi kusimama karibu na mimi kidogo tu, hilo unalijua. Alisoma bweni kule Kaaga, akapita mtihani mpaka mwalimu mkuu akanipa mkono, mimi niliyeachia shule darasa la saba! Hiyo stori nimeisimulia kanisani, nimeisimulia kituo cha majani chai, hata kwenye foleni ya hospitali. Sioni aibu. Mwenye ng'ombe mzuri humfungia kando ya barabara aonekane.

Eh, nimemlinganisha mtoto na ng'ombe, lakini mmenielewa.

Kwenye sanduku nilipata sweta la Mugendi la shule. Basi Baraka akashinda hapa na sweta la kidato cha nne, mwanaume mzima na ndevu zake, mikono ya sweta imeishia kwenye viwiko. Alinikatia majani ya ng'ombe. Alikula muthere, yaani mahindi na maharagwe yetu haya, sahani mbili, akakwangua sufuria. Nilijikuta naimba nikiosha vikombe, kwa sababu vilikuwa viwili.

Kila jioni aliongea na mama yake kwa simu. Nyumba yangu ni ya mbao, hakuna haja ya kutega sikio.

"Niko sawa, mama. Leo nimepumzika tu huku Embu. Ndiyo, baiskeli iko sawa."

Siku ya kwanza nikanyamaza. Jana nikashindwa.

"Kwa nini unamdanganya mama yako?"

"Simdanganyi, mama. Nitamwambia nikifika."

"Mwambie leo. Akutumie nauli."

"Nauli ninayo." Akavuta mikono ya sweta, haikuvutika. "Wewe humjui mama yangu. Ametangazia Voi yote. Kanisa lilisimama likaniombea. Picha yangu na ile baiskeli anaonyesha hata wauza mboga. Nikimwambia imeibwa, nitakuwa nimemvua nguo mbele ya watu."

Niliendelea kuchambua maharagwe.

Jioni hiyo hiyo akaniletea simu. "Mama anataka kukushukuru." Aliifunika kwa kiganja kwanza, akaniangalia. Macho yake yalikuwa yananiomba.

Mama wa Voi ana Kiswahili cha kuteleza, si kama hiki chetu cha kupanda mlima.

"Dada yangu, ahsante kwa kunitunzia mwanangu. Wamwona lakini? Mlima mzima kwa miguu yake! Huku kwetu nani mwingine kafanya hivyo?"

Siku nyingine ningemjibu na Mugendi, na kabla hajapumua ningemwongezea Wanja. Lakini nilikuwa namtazama kijana wake kwenye kigoda changu, amevaa nguo ya mtu mwingine, hana hata soksi zake.

"Hajapata taabu njiani?" akaniuliza. Sauti ikashuka. "Maana huyu hasemi. Kila nikimwuliza, niko sawa, niko sawa."

Jameni. Ningesema nini? Nikimwambia, nimemsaliti mtoto. Nisipomwambia, nimemsaliti mama mwenzangu.

"Dada," nikasema, "kijana wako ana adabu na anakula vizuri. Mengine atakusimulia akifika. Lakini umwulize polepole, na watu wakiwa hawapo."



"Kuna jambo?"

"Mimi ninachokiona hapa ni mtoto mzima. Hana hata mkwaruzo."

"Basi," akasema. Hakuwa tena yule wa mlima mzima. "Basi, dada. Ahsante."

Baraka alichukua simu akatoka nayo nje kwenye baridi. Sijui walisema nini. Leo asubuhi nilimsindikiza stendi, na sweta nikamwambia aende nalo. Alinikumbatia mbele ya watu wa soko, nikajifanya nakohoa.

Kurudi hapa nikakuta nimepika chai ya watu wawili.

Nimeinywa yote, nikifikiria. Mugendi hupiga simu kila Jumapili. "Habari, mama." "Mzuri, na nyinyi?" "Tuko sawa." Halafu Jumatatu mimi natangaza sokoni: Mugendi yuko sawa! Krismasi mbili hajakanyaga hapa. Anasema ni kazi. Sijawahi kumwuliza ni kazi gani hiyo isiyojua Krismasi. Nadhani niliogopa kupewa jibu ambalo siwezi kulitangaza.

Na mimi je? Mimi pia huwaambia watoto wangu niko sawa. Goti hili halijakuwa sawa tangu tuvune kahawa.

Kwa hivyo nimempigia. Si Jumapili, akashtuka.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna aliyekufa. Mugendi, mimi siko sawa sana. Goti linaniuma, na hii nyumba imekuwa kubwa. Nimemaliza. Sasa sema wewe."



"Mama," akasema, "ngoja nitoke nje."

Nikasikia mlango, nikasikia magari, nikasikia mtoto wangu akipumua kama alivyokuwa akipumua akiwa mdogo akitafuta pa kuanzia.

Aliyoniambia siyaandiki hapa. Na kesho sokoni, mkiniuliza habari za Mugendi, nitawauzia nduma tu.