Sahani Isiyo na Bugali

Wifi yangu Mwanasiti,

Pokea salamu zetu za hapa Bwiza. Watoto ni wazima, na Sumaya ameota meno ya mbele.

Anayeniumiza kichwa ni kaka yako Uthmani. Tangu daktari amkataze bugali, wali, muhogo na ndizi kwa sababu ya sukari, nazunguka mji mzima kumtafutia chakula. Sokoni napata mboga za lengalenga na parachichi, lakini samaki wa mukeke haonekani kila siku. Nimepita migahawa iliyo karibu na gereji yake nikiomba wampe brosheti za nyama na kabichi tu. Mhudumu mmoja akacheka: “Mama, bila ndizi mutu atashiba nini?”

Jana nilimkuta nyuma ya gereji anakula bugali huku analia. Nikamnyang’anya sahani. Akasema, “Fadhila, mi niko na njaa. Niache.” Nikakaa chini kwenye mafuta ya magari, nikalia naye, kisha nikamrudishia sahani yake.

Wifi, kidole chake cha mguu kimekuwa cheusi. Daktari anasema mguu ukatwe wiki hii, la sivyo tutampoteza. Uthmani amejibu apana, na mimi hanisikilizi. Wewe ndiye uliyemlea baada ya mama yenu kufariki, wewe atakusikia. Panda basi uje, tafadhali. Amenikataza kukuambia, akaniapisha kabisa. Mungu anisamehe, nimekuambia.

Mke wa kaka yako,
Fadhila