Asante Moja kwa Kila Shuka

4 Februari

Kasuku wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. U mzima? Kifua kimepona? Mimi sijambo, ila mikono imepasuka kwa sabuni, maana mashine kubwa ya kufulia hapa hospitali imekufa na sasa tunafua kwenye mabeseni. Namshukuru Mungu, maji ni ya moto.

Tangu tumzike baba yako nimepewa mtu mwingine wa kukunja naye mahali pake. Unajua shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Kila mtu anashika pembe zake, mnavuta, kisha mnatembea mpaka mikono ikutane. Hapo ndipo baba yako alipokuwa na mchezo wake: mikono ikikutana, anatoa asante moja kwa Mungu, na ukishaitoa huruhusiwi kuirudia siku hiyo. Mambo makubwa yakiisha, anaanza vituko. "Asante kwa kisigino changu cha kulia, hakijawahi kunisumbua." Namuuliza, "Na cha kushoto?" "Hicho nina kesi nacho."

Huyu mpya tunamwita Pilipili, na ukimsikia hutauliza kwa nini. Siku ya kwanza nilisema asante yangu kwa sauti, kwa mazoea tu. Akaachia shuka likaanguka chini. "We mama, mume yuko kaburini, unashukuru nini? Jeneza?" Nikamwambia, "Nashukuru kwa viatu vyako. Vinapiga kelele, kwa hiyo ukija najiandaa." Wasichana wa pasi walicheka mpaka wakaunguza koti la daktari. Yeye hakucheka.

Mwezi wa nane kanisa litafanya ibada ya kumkumbuka baba. Utakuja?

Mama yako

21 Februari

Mama,

Shikamoo. Kifua kimepona. Tunashona sare za shule, kazi ni nyingi, lakini sijambo.

Sitakuja, mama. Usinikasirikie. Kila mtu pale kanisani ataniambia Mungu ndiye anayejua, nami nitamjibu mtu mzima vibaya. Sijaomba tangu siku ile. Nikifumba macho namwona baba kwenye machela.

Na barua yako imeniuma. Ule mchezo ulikuwa wenu wawili. Umewezaje kuucheza na mtu mwingine, tena watu wanacheka? Mimi huku mtu akipiga mluzi kama wa baba, natoka nje. Au kwako yameshaisha?

Mwanao

2 Machi

Kasuku wangu,

Marahaba, mwanangu. Nashukuru kifua kimepona. Mimi niko salama.

Hayajaisha. Nikuambie jambo ambalo hata mchungaji hajui. Mimi ni dobi, nafua mashuka ya wodi nzima, lakini foronya ya baba yako sijaifua. Iko kitandani upande wake, kama alivyoiacha. Nyumbani nalia, nanawa uso, naenda kazini. Sijifanyi, mwanangu. Kilio ni changu na furaha ni yangu, na Bwana hajaniambia nichague kimoja.

Niliporudi kazini baada ya mazishi, kabla sijapewa Pilipili, shuka la kwanza nililikunja na msichana mmoja wa pasi. Mikono ikakutana. Mwisho nikasema, "Asante, nilikuwa naye." Nikaona imetosha, tukakunja la pili.

Usipoweza kuomba, acha. Nitaomba sala zangu na zako. Kuja usijilazimishe. Niandikie tu nijue u mzima.

Mama yako

16 Mei

Kasuku wangu,

Hujambo huko? Sijapata jibu, lakini yule dereva anayebeba barua zetu aliniambia amekuona sokoni, umenenepa kidogo. Nikamshukuru Mungu kwa huo unene.

Nina habari. Juzi ilikuwa siku ya kuzaliwa ya baba yako. Tuliletewa mashuka ya wodi ya watoto, yale madogo. Mikono ikakutana, nami nikabaki nikilitazama lile shuka dogo. Pilipili akangoja. Hakuachia pembe.

"Vipi leo? Umeishiwa?"

Nikakubali kwa kichwa. Akatazama dirishani, akasema kama anayegombana na mtu: "Haya. Asante kwa huyu mama. Ananiudhi, lakini kila siku yupo." Kisha akanigeukia: "Na usimwambie mtu."

Ndiyo maana nakuambia wewe tu.

Kumbe naye alizika mtoto, miaka mingi nyuma, na hapa kazini hakuna aliyewahi kumuuliza. Akaniambia, "Nilikuwa nakusikiliza nione utachoka lini." Jioni akauliza ibada yetu inaanza saa ngapi. Jana Jumapili alikaa nyuma kabisa, na vile viatu vyake. Kanisa zima lilijua ameingia.

Mama yako

9 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na wewe je, mikono imepona? Paka mafuta kabla ya kulala.

Nimechelewa kujibu, unisamehe. Barua zako ziko chini ya mto wangu.

Jumamosi nilikuwa naanua shuka langu, upepo ukawa mkali, msichana wa chumba cha jirani akaja akashika pembe bila kuombwa. Tukavuta, tukatembea. Mikono ilipokutana mdomo ukasema wenyewe: "Asante kwa mluzi wake." Yule msichana akashangaa. "Mluzi wa nani tena?" Nikamweleza habari za baba, mpaka kile kisigino chenye kesi. Tukacheka. Halafu nikalia, naye ameshika tu pembe zake, ananingoja.

Hiyo ndiyo sala yangu yote mpaka sasa, mama. Ni fupi. Lakini nimeomba ruhusa kazini na nimepewa. Mwezi wa nane nakuja.

Foronya usiifue. Nataka niinuse kwanza. Kisha tuifue pamoja, na ikikauka tuikunje sisi wawili, ingawa baba angesema tunaharibu kazi ya mtu mmoja.

Msalimie Pilipili. Mwambie mimi sijaambiwa kitu. Na mpaka nifike, kwenye shuka la kwanza la asubuhi, mnikumbuke.

Mwanao,
Kasuku